Abrahamu hakuhesabiwa haki kwa usafi wake

Wengi hudhani mwenye haki mbele za Mungu ni mtu asiye na doa, aliyejikusanyia matendo mema mpaka akakubaliwa. Paulo anaikataa hesabu hiyo katika Warumi 4, na shahidi wake ni Abrahamu. Mwanzo 15:6 yasema alimwamini BWANA, akahesabiwa haki. Wakati huo hajatahiriwa. Hilo lilikuja sura ya 17, akiwa na miaka 99. Torati ya Musa haikuwapo kabisa. Na ni huyu huyu aliyekwisha kumwambia mkewe Sarai ajiite dada yake kule Misri, kwa hofu ya kuuawa!

Basi tuishi tupendavyo? Hasha. Yakobo 2 inamtaja Abrahamu yuleyule akimtoa mwanawe Isaka awe sadaka madhabahuni, miaka mingi baada ya kuhesabiwa haki. Matendo yalifuata imani, hayakuitangulia.