"Without You" si wimbo wa Mariah Carey

Wengi tuliusikia kwa Mariah Carey mwaka 1994, tukaamini ni wake. Wakubwa zetu humtaja Harry Nilsson, aliyeufikisha namba moja Marekani na Uingereza mwaka 1972. Wote wawili waliurudia tu. Wenyewe ni Badfinger, bendi ya roki ya Uingereza, katika albamu yao No Dice ya 1970. Pete Ham wa bendi hiyo alikuwa na beti zisizopata kiitikio kizuri. Mwenzake Tom Evans alikuwa na kiitikio. Wakaviunganisha. Toleo lao ni la gitaa, halina mbwembwe, na kwangu ndilo lenye uchungu wa kweli. Nilsson ndiye aliyeleta kinanda na sauti ya kupaa; Carey akafuata njia hiyo. Ham alifariki 1975, Evans 1983. Inauma kuona majina yao hayatajwi.