Kustaafu nchini Uganda: mshahara unapokoma, nani anambeba mzee?

Mtu akisema amestaafu, wengi tunafikiria umri fulani, sherehe ya kuagwa ofisini na safari ya kurudi kijijini. Hayo ni ya siku moja. Kustaafu kwenyewe ni kipindi kirefu ambacho mtu huishi bila mshahara, akitegemea akiba aliyoweka alipokuwa na nguvu, au fedha za serikali, au watoto wake, au shamba. Uganda inavyo vyote vinne, ila havikuwafikia watu kwa usawa, na ndiyo maana wazee wawili waliofanya kazi ileile huzeeka katika maisha yasiyofanana.

Tuchukue walimu wawili wa mfano, majirani mjini Mbale. Kila mmoja amefundisha miaka 30 na mshahara wake ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Mmoja yuko shule ya serikali, mwingine shule ya mtu binafsi.

Yule wa serikali ni mtumishi wa umma. Akifika miaka 60 lazima astaafu, ingawa anaweza kuomba kuondoka mapema kuanzia miaka 45 ikiwa ametumikia angalau miaka 10. Kwa utaratibu ambao wastaafu wengi wa leo wameupitia, mshahara wake haukatwi hata shilingi kwa ajili ya pensheni; fedha hutoka kwenye kodi za nchi. Hesabu yake huenda hivi: idadi ya miezi ya kazi huzidishwa kwa mshahara wa mwaka, kisha hugawanywa kwa 500. Miezi 360 mara shilingi 7,200,000, gawanya kwa 500, unapata 5,184,000 kwa mwaka. Theluthi moja ya kiasi hicho huzidishwa kwa 15 akapewa mara moja kama kiinua mgongo: shilingi 25,920,000. Theluthi mbili zilizobaki hulipwa mwezi kwa mwezi, yaani shilingi 288,000 kila mwezi maisha yake yote.

Jirani yake wa shule binafsi yuko chini ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ulioundwa kwa sheria ya 1985. Yeye hukatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri huongeza asilimia 10. Kwa mshahara wa 600,000 hiyo ni 90,000 kila mwezi, na kwa miaka 30 ni 32,400,000 kabla ya riba. Riba ndiyo inayokuza fedha hizo. Mfuko hutangaza kiwango kila mwaka, na kwa mwaka wa fedha wa 2023/24 kilikuwa asilimia 11.5. Tukikadiria asilimia 10 kila mwaka, na mshahara uleule tangu siku ya kwanza, akiba ingefika kama shilingi milioni 177. Kwa kweli mishahara huanza chini, kwa hiyo mtu halisi hupata pungufu ya hapo. Hata hivyo ni fedha nyingi kuliko alizowahi kuzishika, na akifika miaka 55 anaweza kuzichukua zote kwa mkupuo.

Kwa maoni yangu, uamuzi mgumu kuliko wote wa kustaafu katika nchi hii uko hapo. Watu hubishana kama umri uwe 55 au 60, lakini umri hauwasumbui wastaafu wengi kama namna fedha inavyowafikia. Mtu aliyezoea kulipwa mwezi kwa mwezi kwa miaka 30 anapewa siku moja fedha za kumlisha hadi kaburini, na hakuna aliyemfundisha kuzigawa. Habari husambaa haraka. Shemeji ana mgonjwa, mpwa anadaiwa karo ya chuo, rafiki wa zamani ana gari la abiria analouza, dalali ana kiwanja kilichouzwa tayari kwa watu wengine wawili. Mstaafu hana moyo wa kukataa, kwa sababu hao hao ndio atakaowahitaji akiugua. Yule mwenye 288,000 kwa mwezi anaonekana maskini siku ya kwanza, lakini baada ya miaka 10 bado ana 288,000 nyingine zinazokuja. Mfumuko wa bei utakuwa umezila, ni kweli, na ndiyo maana Katiba ya 1995, ibara ya 254, inataka pensheni ipitiwe kila baada ya muda kufuatana na thamani ya fedha, isitozwe kodi, na ilipwe kwa wakati. Wastaafu waliohangaika na mafaili kutoka ofisi moja hadi nyingine wanajua umbali uliopo kati ya ibara hiyo na maisha.

Ningependa mwanachama wa NSSF awe na nafasi ya kuchagua kulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Anayetaka kujenga vyumba vya kupangisha achukue sehemu mara moja, na sehemu nyingine imlinde.

Mabadiliko ya sheria yaliyotiwa saini Januari 2022 yalielekea upande mwingine. Mwanachama aliyefika miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 anaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Mwenye ulemavu anaweza kuchukua hadi asilimia 50 akiwa na miaka 40. Ninaelewa kwa nini wafanyakazi walilipigania hilo. Kipindi cha korona kiliwafungia watu kazi huku fedha zao wenyewe zikiwa mbali na mikono yao. Ila riba hufanya kazi kubwa zaidi katika miaka ya mwisho, na anayetoa akiwa na 45 anaondoa pamoja na riba ya miaka 10 ambayo ingefuata.

Hadi hapa nimezungumzia wachache. Waganda wengi hawana barua ya ajira. Mama anayeuza ndizi sokoni, mvuvi wa Ziwa Victoria, mkulima wa kahawa, mwendesha boda boda: kwao hakuna siku ya kustaafu. Wanapunguza kazi kadiri magoti yanavyokataa, na mpango wao wa uzee tangu zamani umekuwa watoto.

Mpango huo ulivunjwa vibaya na UKIMWI. Mwaka 1982 huko Kasensero, kijiji cha wavuvi kilichokuwa wilayani Rakai (leo wilaya ya Kyotera), watu walianza kukonda na kufa kwa ugonjwa ambao haukuwa na jina. Katika miaka iliyofuata, maelfu ya wazee wa kusini mwa nchi waliwazika wanao waliokuwa katika umri wa kuzaa na kufanya kazi, kisha wakaanza upya kulea wajukuu. Fikiria bibi wa miaka 80 leo. Wanawe wangekuwa na miaka 50 na kitu, umri wa kumtunza mzazi. Hawapo. Badala ya kupokea, bibi huyo alitoa: chakula, karo, usingizi wake. Kila tunaposema kwamba familia ya Kiafrika humtunza mzee, tumkumbuke huyu ambaye ndiye aliyeitunza familia.

Kwa watu kama yeye serikali ilianzisha malipo yanayojulikana kama pesa za SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi. Yalianza kwa majaribio katika wilaya 15, ambako waliofika miaka 65 walilipwa, na Karamoja kuanzia 60. Yalipotandazwa nchi nzima umri ulipanda hadi 80. Inasaidia kununua sabuni, chumvi, dawa na daftari za mjukuu. Tatizo ni kwamba wengi waliozaliwa enzi hizo hawakuandikishwa popote, na kitambulisho cha taifa kikikosea mwaka wa kuzaliwa, mzee wa miaka 82 anahesabiwa kuwa na 76 na jina lake halisomwi.

Je, wazee wanaoendelea na kazi huwanyima vijana nafasi? Hoja hiyo husikika sana, hasa inapotajwa kwamba jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na 65 na wa Mahakama ya Juu akiwa na 70. Katika ofisi moja inaweza kuwa kweli. Kwa nchi nzima haisimami. Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, karibu nusu yao wakiwa chini ya miaka 18, na waliofika 60 ni kama 5 kati ya kila 100. Hata wote wangeachia viti leo, vingi vya viti hivyo ni jembe na kigoda cha sokoni. Kijana anakosa kazi kwa sababu uchumi hautoi ajira mpya za kutosha. Japani, ambako karibu watu 29 kati ya 100 wamefika miaka 65, mambo yamegeuka: nguvukazi ni haba na wazee wanaombwa wabaki kazini.

Uganda haijafika huko, lakini umri wa kuishi unaotarajiwa umepanda kutoka miaka 63.3 katika sensa ya 2014 hadi 68.2 katika ile ya 2024. Kijana wa boda boda mwenye miaka 25 leo atakuwa na 60 karibu na mwaka 2060, akiwa na watoto wachache kuliko babu yake na pengine bila ardhi. Sheria ya 2022 inamruhusu kuchangia NSSF kwa hiari, na inamlazimu kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, kuwasilisha michango. Wanaokatwa mshahara waangalie taarifa ya akiba yao kila baada ya miezi michache. Wapo waajiri wanaokata asilimia 5 na kukaa nayo, na ni rahisi zaidi kudai michango ya miezi mitatu kuliko ya miaka tisa, shule au kampuni ikiwa imeshafungwa.