Kamera isiyopiga hodi haiponi kwa draiva

"Fundi, kamera imegoma. Niwekee draiva tu, mengine yote yako sawa." Naisikia sentensi hii kabla laptopu haijatoka kwenye mkoba, na nimeichoka. Nimeichoka kwa sababu mara nyingi mwenye laptopu ameshahangaika nayo peke yake: ameingia tovuti asiyoijua, amepakua programu inayojidai kusasisha draiva zote, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuvitumia vifaa vyake, ameiruhusu ifanye inavyotaka. Sasa ananiletea kamera ileile mbovu, na juu yake matangazo yasiyozimika na kivinjari kilichobadilishwa ukurasa wa mwanzo. Kamera haikupona, na kwa njia ile isingepona.

Kamera iliyo juu ya kioo, katika laptopu nyingi, ni kifaa cha USB, sawa na mausi au flashi, ila plagi yake huioni. Nyaya nne ndizo zinazoiendesha: umeme, graundi, na mbili za data, yaani D+ na D−. Kiwango cha UVC kinachoelekeza kamera za USB zizungumze vipi na kompyuta kipo tangu 2003. Windows ina draiva yake ya UVC, faili la usbvideo.sys, tangu XP Service Pack 2 ya 2004. Linux imeiweka ya kwake, uvcvideo, ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo huo, tangu toleo la 2.6.26 la 2008. Draiva unayoihangaikia unayo tayari. Ile ya mtengenezaji wa laptopu mara nyingi huongeza madoido tu: kulainisha uso, kurekebisha mwanga, mambo ya namna hiyo.

Fuatilia kinachotokea mashine inapowaka. Kamera ikipata umeme, chipu yake inaamka na kuuvuta waya wa D+ kuelekea volti 3.3 kupitia rezista ya omu 1,500. Hiyo ndiyo hodi. Kidhibiti cha USB kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, kikiona waya umepanda, kinajua kuna kifaa mlangoni. Kinakirejesha kifaa katika hali ya mwanzo, halafu kinauliza: wewe nani? Kamera inajibu kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa, zile zinazoandikwa VID na PID, na inasema iko kundi la video. Baada ya jibu hilo, na si kabla yake, mfumo endeshi unaanza kutafuta draiva ya kumpokea mgeni. Draiva huja mwisho kabisa.

Basi waya wa umeme ukikatika, hakuna hodi. D+ ikikatika, hakuna hodi. Kidhibiti hakijui kama kuna kamera; draiva utamwekea nani? D+ ikiwa nzima na D− ndiyo iliyokatika, hodi inasikika lakini mazungumzo hayaendi. Hapo Windows inaandika Unknown USB Device, Device Descriptor Request Failed, Code 43, na ukifungua maelezo unakuta VID_0000 na PID_0002. Zile sifuri si za kampuni yoyote. Kifaa kimeulizwa jina hakikujibu, Windows ikajaza nafasi. Nimeona watu wakitafuta mtandaoni "draiva ya VID_0000" kwa bidii inayosikitisha.

Kwa hiyo kabla ya lolote naangalia kama kamera inaonekana. Kwenye Windows nafungua Device Manager, naruhusu vifaa vilivyofichwa vionyeshwe, natazama kundi la kamera na la vifaa vya picha. Kwenye Linux, amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, inatosha. Programu ya kamera ya Windows nayo husema yenyewe: 0xA00F4244 maana yake hakuna kamera iliyounganishwa, ilhali 0xA00F4243 maana yake kamera ipo ila programu nyingine imeishika. Zinatofautiana tarakimu ya mwisho tu, lakini ya kwanza inaweza kunipeleka kwenye bisibisi na ya pili inanipeleka kufunga dirisha la mkutano lililosahaulika nyuma. Soma namba yote.

Yako mambo ya kuondoa njiani haraka. Kifuniko cha lenzi kiko wazi? Kuna kitufe chenye alama ya kamera? Ruhusa ya kamera imewashwa kwenye mipangilio ya faragha, pamoja na ile ya programu za kawaida za dezktopu? Antivirusi haiizuii? BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya mfumo endeshi, haijaizima? Ongeza umakini kwenye kitufe au swichi hiyo ya kamera: katika baadhi ya laptopu haifuniki lenzi, inaikata kamera kutoka kwenye USB. Kamera inatoweka Device Manager sawasawa na kamera ambayo waya wake umekatika, na mtu anaweza kufungua kioo kizima bure. Ibonyeze kwanza, usikilize kama Windows inatoa mlio wa kifaa kilichounganishwa.

Sisemi programu haina hatia kamwe. Agosti 2016 sasisho la Windows 10 toleo la 1607 lilibadilisha namna picha za kamera zinavyopitishwa, na kamera nyingi zilizokuwa zikituma video iliyobanwa kwa MJPEG na H.264 zikaganda kwa watu ambao hawakugusa chochote. Zipo pia laptopu ambazo kamera yake si ya USB kabisa: Surface nyingi za Microsoft, Dell XPS 13 Plus ya 2022 na nyingine za miaka ya karibuni huipeleka sensa moja kwa moja kwenye kichakataji cha picha kilicho ndani ya prosesa kupitia njia ya MIPI. Huko draiva ndiyo kila kitu, na lsusb haitakuonyesha kitu kwa sababu kamera haiko kwenye USB. MacBook nazo zina njia zake. Tangu 2013 baadhi yake ziliacha USB kwa kamera ya ndani. Kwa hiyo jua kwanza mashine yako ni ya aina gani, ndipo hayo niliyoyaeleza ya hodi yakufae.

Ukiwa na laptopu ya kamera ya USB, kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kuiwasha kwa Linux iliyo kwenye flashi, bila kusakinisha chochote. Kamera ikitoa picha huko, vyuma ni vizima na tatizo liko Windows. Nitasafisha, nitaondoa draiva ya mtengenezaji na kuiacha ya Microsoft ifanye kazi, na bisibisi haitatoka kwenye boksi. Isipoonekana kwenye lsusb hata huko, na swichi na BIOS tumeshavimaliza, mjadala wa draiva umekwisha. Wateja wengine hawaamini hadi waone. Nawaonyesha.

Sasa tuje kwenye bawaba, maana huko ndiko kamera nyingi ninazozipokea zinakofia.

Kebo ya kamera inatoka kwenye mazabodi, inapita ndani ya bawaba, inapanda kando ya kioo hadi juu. Mara nyingi imefungwa pamoja na kebo ya kioo chenyewe, na ndiyo maana watu wanabisha: "Kioo kinawaka vizuri, kebo itakuwaje mbovu?" Nyaya za kioo na za kamera zinalala katika mkanda mmoja lakini kila mmoja una shaba yake. Kila ukifungua na kufunga laptopu, mkanda huo unapinda mahali palepale. Waya ulio upande wa nje wa pindo ndio unaochoka kwanza. Ukiwa ni wa kamera, kioo kitaendelea kuwaka miaka.

Ukiutoa mkanda huo na kuutazama kwa lenzi ya kukuzia, unaweza usione kitu. Ganda la plastiki liko zima, linang'aa hata. Ninaushika kati ya vidole viwili na kuupinda pole pole kipande kwa kipande. Waya mzima una ukinzani wake, unataka kunyooka. Mahali palipokatika ndani, ganda linalegea ghafla, linakunjika bila kupinga, kwa sababu shaba iliyokuwa ikilishikilia haipo tena. Naweka ncha za mita ya umeme, inayolia waya ukiwa mzima, pande mbili: kimya. Naupinda upande wa pili, nyuzi zinagusana, mita inalia. Ndiyo maana kamera ya namna hii hufanya kazi kifuniko cha laptopu kikiwa nusu wazi na kufa kikifunguliwa zaidi, na Windows hutoa mlio wa kuunganisha na kukata, kuunganisha na kukata, huku mwenye laptopu akidhani ana kirusi.

Kipo kisa kigumu kuliko hicho. Waya haujakatika, umedhoofika. Kamera inaonekana, jina lake limeandikwa sawasawa, draiva imepakiwa, lakini picha inakuja imechanika: nusu ya juu uso, nusu ya chini kijivu, mistari ya kijani inapita. Hapo mtu anajihisi ameshinda hoja: "Unaona, inaonekana, kwa hiyo ni draiva." Hapana. Mazungumzo ya kujitambulisha ni mafupi, na USB ikikosea katika hayo inarudia. Picha za video katika kamera nyingi hupita kwa njia ya isokronasi, ambayo hairudii: kilichoharibika njiani kimepotea, kinachofuata kinaendelea. Na mzigo ni mkubwa. Video ya 1280 kwa 720, fremu 30 kwa sekunde, bila kubanwa, ni takribani megabaiti 55 kila sekunde, na USB 2.0 kwa njia hii haifikishi hata 25. Kamera hulazimika kubana kila fremu kuwa JPEG, na JPEG ikipoteza kipande katikati, chote kilicho chini yake kinavurugika. Ninashusha ukubwa hadi 320 kwa 240. Picha ikitulia, naanza kuitilia shaka kebo au konekta.

Nasema kuitilia shaka kwa makusudi. Moduli yenyewe, yaani kile kibao chenye lenzi na chipu ya kamera, ikianza kufa, hasa ikipata joto, inaweza kuonyesha dalili zilezile. Code 43 nayo haikwambii kama ni D− iliyokatika au ni chipu ya kamera iliyoungua. Vitabu vinachora mchoro wenye mishale, kila dalili na chanzo chake. Mezani dalili moja ina vyanzo vitatu na mita haifiki kote. Na kuna lile la kuchomoa na kuchomeka tena konekta ya moduli: kamera inafufuka, na mimi siwezi kuapa kama ni vumbi lililotoka, au ni kule kukatiwa umeme kabisa kulikoiamsha chipu iliyokuwa imeganda. Kwa sababu hiyo, kabla ya kufungua chochote, zima laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, na ushikilie kitufe cha kuwashia nusu dakika. Haigharimu kitu.

Ukilazimika kufungua, betri ichomolewe kwanza kwenye mazabodi. Kebo ya kioo ina umeme wa taa zake, na ncha ya bisibisi ikiteleza pale, unaweza kuua zaidi ya kamera. Fremu ya plastiki hubanduliwa kwa kipande cha plastiki kuanzia ndani kwenda nje, kamwe si kwa chuma. Fremu iliyogandishwa kwa gundi ipashwe joto la wastani. Kioo kilichogandana na fremu yake moja kwa moja, mimi humshauri mwenyewe anunue kamera ya nje, kwa sababu hatari ya kuvunja kioo ni kubwa kuliko faida ya kamera.

Moduli mpya itafutwe kwa namba ya kipuri iliyochapwa kwenye ile ya zamani. Usiinunue kwa kufanana sura. Konekta mbili zinaweza kuingiliana kabisa huku mpangilio wa pini ukiwa tofauti. Nyingine hutumia volti 3.3, nyingine 5, na moduli ya 3.3 ukiipa 5 inaungua kabla hujafika kwenye skrini ya kuingilia. Pima volti ya upande wa mazabodi kwanza. Pima pia kwa sababu nyingine: kama volti haipo hapo, kosa liko nyuma zaidi, kwenye kebo au kwenye fyuzi ndogo ya mazabodi, na moduli uliyoinunua haina la kufanya.

Kuhusu kuunga waya uliokatika kwenye bawaba kwa lehemu, mafundi tunabishana. Lehemu inafanya sehemu ya waya kuwa ngumu, na pindo linahamia pembeni yake na kukata hapo. Ninaunga tu pale ninapoweza kusogeza kiungo nje ya bawaba, mahali pasipopinda, na D+ na D− nazirudisha zikiwa zimesokotana kama zilivyokuwa. La sivyo nabadilisha kebo nzima.

Usirudishe fremu mara tu picha inapotokea. Acha kamera iwake katika ukubwa wake wote walau nusu saa ili moduli ipate joto, huku ukifungua na kufunga kifuniko taratibu kutoka mwisho hadi mwisho. Mlio wa kukatika ukisikika hata mara moja, rudi kwenye bawaba, fremu ikiwa bado iko mezani.