Protini ya kuotesha mfupa: swali la kuuliza kabla pingili zako hazijaunganishwa

Mgonjwa akiambiwa kwamba pingili zake za kiuno, yaani mifupa ya uti wa mgongo, zitaunganishwa, huuliza atatembea lini na atalipa kiasi gani. Ni wachache wanaouliza mfupa wa kuziunganisha utatoka wapi, na swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Vyuma na skrubu unavyoviona kwenye eksirei havikuwekwa vishike mgongo maisha yote. Kazi yake ni kuzituliza pingili ili mfupa mpya uote katikati. Mfupa usipoota, skrubu hulegea au chuma hukatika. Kwa miaka mingi sisi madaktari tumekuwa tukichota mfupa huo kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Unafaa sana, ila kuna watu ambao kidonda cha nyonga huwauma kuliko mgongo wenyewe.

Ndiyo maana BMP-2, protini inayouchochea mwili kuotesha mfupa, ilipokelewa kwa furaha. Mwaka 1965, daktari Marshall Urist wa Los Angeles alionyesha kwamba mfupa uliotolewa madini, ukipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, huotesha mfupa mpya humo humo msulini. Mwaka 1988 watafiti wakatambua jeni za protini zinazofanya kazi hiyo, na BMP-2 ikaanza kutengenezwa maabara. Julai 2002, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ikaidhinisha Infuse, bidhaa ya kampuni ya Medtronic yenye protini hiyo.

Protini hii hufika chumba cha upasuaji ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa. Unga huyeyushwa kwa maji safi, maji hayo hudondoshewa kwenye sponji nyeupe ya kolajeni (protini ya nyuzinyuzi) ya ng'ombe, kisha timu nzima husubiri angalau dakika 15 ili protini ishike. Baada ya hapo sponji hukunjwa na kutiwa ndani ya kasha dogo la madini ya titani. Mkono wa daktari hapo unatakiwa uwe mwepesi, kwa sababu sponji ikiminywa, maji huvuja na protini huenda nayo. Na protini hii haichagui mahali. Ikivujia kando ya neva, inaweza kuotesha mfupa hapo hapo, au kuleta uvimbe unaoichokoza neva hiyo.

Kibali cha 2002 kilikuwa chembamba: mtu mzima mwenye diski (kitako laini kilicho kati ya pingili) iliyochakaa, sehemu ya chini ya kiuno, daktari akipitia tumboni. Sheria ya Marekani humruhusu daktari kutumia bidhaa iliyoidhinishwa hata nje ya kibali chake, na utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba angalau asilimia 85 ya matumizi yalikuwa ya namna hiyo. Palipotisha zaidi ni shingoni. Julai 2008 FDA ilitoa onyo baada ya kupokea taarifa 38 katika miaka minne. Mgonjwa anatoka salama, anaongea, anakunywa chai. Kisha, mara nyingi kati ya siku ya 2 na ya 14, koo linavimba, mate hayamezeki, pumzi inabana. Aliyepasuliwa shingo akipata dalili hizo akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, asingoje siku ya kliniki.

Linaloniumiza zaidi ni jinsi madhara yalivyochelewa kujulikana. Mwaka 2011, Eugene Carragee wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walipitia tafiti 13 zilizogharamiwa na wenye bidhaa. Wagonjwa 780 walipewa protini hiyo, na tafiti hizo hazikutaja hata dhara moja lililotokana nayo. Carragee na wenzake walikadiria kwamba madhara huwapata kati ya asilimia 10 na 50 ya wagonjwa, kutegemea njia ya upasuaji. Mwaka 2012, kamati ya Seneti ya Marekani iliripoti kwamba kampuni ilikuwa imewalipa madaktari walioandika tafiti zake takriban dola milioni 210 kwa miaka 15. Baadaye kampuni ilikabidhi takwimu zake zote kwa mradi wa Chuo Kikuu cha Yale, hatua ninayoiheshimu. Timu mbili huru zilizozichambua zilitoa matokeo mwaka 2013: kwa nafuu ya maumivu, protini haikuupita mfupa wa nyonga kwa kiasi cha maana. Saratani ilionekana kuongezeka kidogo, lakini waliougua walikuwa wachache mno kutoa hukumu.

Sisemi ikataliwe. Mzee ambaye nyonga yake imeshachotwa na mfupa haukuota anaweza kufaidika nayo kweli. Lakini mjamzito, mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, mwenye saratani, mwenye maambukizi sehemu ya kupasuliwa, na mwenye mzio wa kolajeni ya ng'ombe hawapaswi kuwekewa. Kijana wa kiume atakayepasuliwa kupitia tumboni aambiwe wazi kwamba manii yanaweza kurudi kwenye kibofu, asiweze kuzaa kwa njia ya kawaida.

Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, muulize daktari: utaniwekea protini hii? Miligramu ngapi? Matumizi haya yamo ndani ya kibali? Kuna ubaya gani kutumia mfupa wangu mwenyewe? Kisha omba nakala ya ripoti ya upasuaji, hasa ukipasuliwa Marekani au kwingine ughaibuni. Miaka mitano baadaye, mguu ukianza kuuma na picha ya CT ikaonyesha mfupa mahali usipotakiwa, daktari atakayekupokea Mombasa au Dar es Salaam ataanzia kwenye karatasi hiyo.