Mtambo wa kuchoronga si mgodi

Iwe Chunya, Mbozi au Ludewa, mtambo wa kuchoronga ukionekana porini wengi huamini mgodi umeshafika, na madalali huanza kuulizia viwanja. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Lakini kuchoronga ni kutafuta tu: mtambo hutoa vipande vyembamba vya mwamba vikapimwe maabara, na mashimo mengi hayaonyeshi kitu cha kuchimbika kwa faida. Hata yakionyesha, subira inahitajika. Nikeli ya Kabanga, kule Ngara mkoani Kagera, ilijulikana tangu miaka ya 1970. Zaidi ya miaka 40 baadaye mgodi wa chini ya ardhi ulikuwa haujaanza kuzalisha. Kabla ya kuuza shamba, kaulizie leseni kwenye ofisi ya madini ya mkoa. Leseni ya utafiti si ya uchimbaji.