Wahakiki, mashabiki na James Bond: yanayosemwa na yaliyo kweli

Oktoba 2015, siku chache kabla Spectre, filamu mpya ya James Bond wakati huo, haijazinduliwa pale Royal Albert Hall, London, magazeti ya Uingereza yalikuwa yameshaimwagia sifa. Guardian nyota tano, Times nyota tano, Telegraph nyota tano. Mashabiki wa James Bond wakatangaza ushindi. Novemba 6 filamu ikafika kumbi za Marekani, na wahakiki wengi wa huko wakaikunjia uso: ndefu mno, inajirudia, adui mkuu hatishi. Asilimia yake kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes, iliyoanzia juu, ikateremka hadi sitini na kitu. Wamarekani wakaitwa wenye wivu, Waingereza wakaitwa wenye kujipendelea. Ukiichuja kelele yote ile, unabaki na imani chache ambazo huibuka upya kila jasusi anaporudi kwenye skrini.

"Imepata 63, yaani 63 kwa 100"

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Rotten Tomatoes haitoi maksi. Kila uhakiki unaingizwa kwenye kundi moja kati ya mawili, wanaoipendekeza filamu na wasioipendekeza, kisha inahesabiwa asilimia ya wale wa kwanza. Ni sawa na kuwauliza wateja wa mama ntilie kama watarudi kesho: utajua wangapi watarudi, hutajua wali ulikuwa mtamu kiasi gani.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Wahakiki 100 wakiiona filamu kuwa ya kawaida tu, kila mmoja akaipa nyota tatu kati ya tano, inaweza kusomeka asilimia 100. Nyingine ikiwagawa, 60 wakasema hawajaona kitu kama hicho maishani na 40 wakatamani warudishiwe muda wao, itasomeka 60. Na 60 ndiyo mpaka wenyewe: ukiufikia unapewa nyanya nyekundu, ukiwa na 59 unapewa nyanya ya kijani iliyopasuka, kana kwamba kati ya namba hizo mbili kuna bonde.

Anayetaka wastani wa alama aende tovuti ya Metacritic. Wao hugeuza kila uhakiki kuwa namba kati ya 0 na 100, na baadhi ya vyombo vya habari huvipa uzito zaidi. Skyfall, filamu ya Bond ya 2012, ilipita 90 kwa Rotten Tomatoes, lakini Metacritic iliishia themanini na kidogo. Hakuna aliyedanganya. Yalikuwa maswali mawili tofauti.

Kuteremka kwa Spectre nako hakuhitaji njama. Maoni yakiwa 20 tu, moja baya linaondoa pointi tano. Tena hayo ya mwanzo yalitoka nyumbani kwa Bond, wiki ambayo nchi nzima ilikuwa ikimsubiri. Kwa maoni yangu, sehemu ya kwanza pale Mexico City, siku ya kuwakumbuka wafu, kamera ikimfuata Daniel Craig, aliyecheza Bond, kama haikatiki, ni halali kabisa kwa nyota tano. Lakini ikishafichuliwa kwamba Bond na adui yake waliwahi kulelewa na mzee mmoja, mimi niko upande wa Wamarekani.

"Wahakiki wamenunuliwa"

Wengi huonyeshwa filamu bure, na husaini sharti la kutochapisha neno kabla ya saa iliyopangwa. Ndiyo maana hakiki humiminika zote kwa mpigo, na ndiyo maana asiyelijua sharti hilo hudhani wamekaa kikao. Pesa ya kweli iliwahi kuonekana: Septemba 2023 jarida la Vulture liliandika kuhusu kampuni ya matangazo, Bunker 15, iliyowalipa wahakiki wadogo waandike kuhusu filamu ndogo, na Rotten Tomatoes ikaziondoa baadhi ya filamu za kampuni hiyo. Filamu ya Bond ina mamia ya hakiki. Kuisogeza kwa njia hiyo ni gharama isiyo na maana, na bango moja barabarani lingefaa zaidi.

"Wanaua filamu"

Spectre iliingiza karibu dola milioni 880 duniani. Quantum of Solace, Bond ya 2008 iliyosemwa vibaya zaidi kuliko ndugu zake wa karibu, iliingiza karibu milioni 590. Sasa geuza upande wa pili: Mission: Impossible ya Julai 2023 ilisifiwa na zaidi ya asilimia 90 ya wahakiki, ikaishia karibu milioni 570. Kwa filamu iliyogharimu karibu milioni 290, huku kumbi nazo zikichukua mgao wao mnono, hizo si habari njema. Kilichoiumiza ni Barbie na Oppenheimer, zilizotoka siku tisa baadaye na kuwachukua watazamaji wake.

"Mashabiki ndio wanaoijua kazi"

Oktoba 2005 Daniel Craig alitambulishwa London kuwa Bond mpya, akiletwa kwa boti kwenye Mto Thames huku amevaa jaketi la kuokolea. Mashabiki wakafungua tovuti ya kuhimiza watu waisusie filamu. Hoja zao: nywele za manjano, na si mrefu wa kutosha. Hapakuwa na hata sekunde moja ya kutazama. Mwaka uliofuata Casino Royale ikatoka na wahakiki wakaisifu karibu kwa sauti moja. (Ina tukio la Mbale, Uganda, ambalo halikupigwa Uganda, na Madagaska yake ni Bahamas. Hilo halikumkasirisha mtu. Nywele ndizo zilizokuwa tatizo.)

Wahakiki nao wana deni lao. George Lazenby alicheza Bond mara moja tu, mwaka 1969, akapokewa kwa ubaridi, na leo On Her Majesty's Secret Service iko karibu na kilele cha orodha za mashabiki wengi. Mwongozaji Christopher Nolan ameitaja kuwa ndiyo anayoipenda kuliko nyingine za Bond.

Alama za watazamaji zenyewe zinataka uangalifu. Hadi mwanzoni mwa 2019, Rotten Tomatoes iliruhusu watu kutoa maoni kabla filamu haijaonyeshwa popote. Watu walipoishambulia filamu ya Captain Marvel kwa makusudi, nafasi hiyo ikafungwa. Kampuni ya CinemaScore huwauliza watazamaji mlangoni usiku wa kwanza, lakini anayekata tiketi ya usiku wa kwanza ni shabiki tayari. Ndiyo maana Spectre hiyohiyo ilipata A kasoro (A-) kwao.

"Wangetuonya"

Hili lilikuja na No Time to Die, Septemba 2021. Karibu wahakiki wote walificha mwisho wake, kama ilivyotakiwa. Sisi tuliokulia mabanda ya video, tukisimuliwa filamu na Lufufu au DJ Afro, tulifundishwa kwamba stelingi hafi. Bond akafa, makombora yakimshukia kisiwani, na waliokuwa wamewalaani wahakiki miaka yote kwa kuwaharibia utamu wakawalaani safari hii kwa kunyamaza.