Je, wajua kwa nini beringi ya tairi ikichoka gari inavuma, na kwa nini sikio lako linakuelekeza tairi siyo?

Kuna ile sauti, kama umewahi kuendesha gari ya mkononi utakuwa unaijua. Unatoka Tanga mjini huna habari, unapita Kange, unapita Pongwe, gari imetulia tuli, ukishaachana na matuta unakanyaga kidogo kuelekea Muheza, ikifika sitini hivi inaanza "wuuuuu" huko chini, sabini inapanda, themanini ni kama kuna ndege inataka kuruka chini ya siti, ukipunguza mwendo nayo inashuka. Abiria anakuuliza hii gari yako vipi, unamjibu ni lami hii mbovu. Mie nimesema ni lami kwa miezi miwili nzima, mpaka siku nimepita na gari ya shemeji njia hiyohiyo, kimya, nikasikia mpaka anavyotafuna korosho.

Sasa ile ni beringi. Fundi anasema "beringi inalia", na kulia kwenyewe kuna hesabu yake, nzuri tu.

Beringi ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, katikati zimepangwa gololi, gololi kweli kama za kuchezea watoto ila za chuma, zinaogelea kwenye grisi, na pembeni kuna sili za raba za kuzuia maji na vumbi. Gari ndogo ina kama tani moja, kwa hiyo kila tairi inabeba kilo 250 hivi, na mzigo wote huo unapita kwenye vile visehemu gololi inapogusana na pete, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Tairi ya gari ndogo kama Toyota IST au Passo ikizunguka mara moja inakwenda mita 1.8 hivi, kilomita moja ni mizunguko kama 550, mpaka Muheza peke yake umeshazungusha karibu 20,000. Chuma kinabonyezwa na kuachiwa, kinabonyezwa na kuachiwa, miaka. Mwisho kinachoka, ufa unaanzia chini kidogo ya uso wa pete ambako huwezi kuuona, siku moja kigamba kinabanduka, pale panabaki kishimo.

Kila gololi ikipita juu ya kile kishimo inagonga, tk. Tuseme mstari mmoja una gololi 12 na uko themanini, hapo tairi inazunguka mara 12 kwa sekunde, lakini gololi zenyewe zinazunguka taratibu zaidi, chini kidogo ya nusu ya mwendo wa tairi, kwa hiyo kishimo kimoja kwenye pete ya nje kinagongwa kama mara 60 kwa sekunde. Sikio la binadamu haliwezi kuhesabu mara 60, linaziunganisha zinakuwa mvumo mmoja. Ukiwa ishirini kwa saa ni mara 15 tu, hapo mvumo haupo, utasikia kama kitu kinasaga kwa mbali au husikii kitu kabisa, na ndio maana ukimpelekea fundi akazunguka nayo mitaa ya Ngamiani anarudi anakwambia gari nzima. Yuko sahihi kwa mwendo wake! Mpeleke barabara kuu.

Na kishimo hakikai peke yake. Vile vigamba vinazunguka ndani ya grisi vinakwenda kuchuna kwingine, vishimo vinazaana, mvumo unazidi kuwa mnene.

Tairi ipi sasa? Hapa ndo nilipoliwa. Mie nilisikia sauti inatokea nyuma kushoto, ningeapa. Fundi naye akakaa siti ya nyuma, akatikisa kichwa, nyuma kushoto. Tukanunua, tukafunga, nikatoka mpaka Pongwe, wuuuuu ileile. Ilikuwa mbele kulia. Manake mtetemo haukai kwenye tairi, unapanda kwenye habu, kile kitovu cha chuma tairi inapofungwa, unaingia kwenye shokapu, unasambaa kwenye bodi, na bodi ni bati kama debe, inatoa sauti pale ilipo nyepesi, na nyuma kwenye buti ndo pepesi kuliko kote. Sikio linakwambia bati linapotetemeka, halikwambii chuma kilipoumia.

Kinachosema ukweli zaidi ni uzito. Gari ikikata kushoto uzito unalalia tairi za kulia, ikikata kulia unalalia za kushoto, unavyolala wewe mwenyewe kwenye siti ndivyo na mzigo ulivyolala. Kishimo kikiongezewa mzigo kinalia zaidi, kikipunguziwa kinanyamaza. Kwa hiyo uko kwenye njia iliyonyooka, nyeupe, hamna mtu mbele wala nyuma, mwendo wa sitini, yumbisha usukani taratibu kushoto halafu kulia. Mvumo ukipanda ukienda kushoto na kufa ukienda kulia, shuku upande wa kulia. (Angalia usije ukakutana na trafiki katika zoezi hili, kumweleza habari za gololi ni kazi.) Hata kwenye kipilefti inawezekana kama beringi imeshachoka sana, sisi tunazunguka tukikata kulia, mzigo wote uko kushoto, ikilia pale ujue ni kushoto. Ila beringi nyingi za siku hizi zina mistari miwili ya gololi na wakati mwingine mstari uliokufa ni ule usiopata mzigo ulioutegemea, jibu linakuja kinyume, basi usinunue kitu kwa kipimo hiki peke yake.

Kuna mwongo mwingine, tairi lenyewe. Kashata, yale matofali ya raba usoni mwa tairi, zikilika kwa ngazi ngazi tairi inavuma hivohivo mpaka unachanganyikiwa. Pitisha kiganja juu ya kashata kwenda mbele, kisha kurudi nyuma, ukisikia upande mmoja laini na mwingine unakwaruza kama msumeno, hilo nalo ni mshukiwa. Tairi inabadili sauti lami ikibadilika, ukitoka lami ya kokoto ukaingia lami laini mpya inashuka ghafla, beringi hainaga habari na lami. Au hamisha za mbele ziende nyuma, sauti ikihama nazo umepona gharama. Na injini? Ukiwa sabini weka nyutro sekunde chache, injini ikatulia na mvumo ukabaki, injini haimo, ingawa beringi za ndani ya giaboksi bado zinazunguka hizo.

Halafu jeki. Handibreki (ukiwa unanyanyua nyuma itabidi uiachie, kwa hiyo weka mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele), stendi ya chuma ya kushikilia gari chini, usitegemee jeki peke yake. Shika tairi juu na chini uitikise, ikicheza kuna jambo. Ikicheza kwa kushika kushoto na kulia tu, inaweza kuwa tairodi, kile chuma cha usukani kinachogeuza tairi. Lakini beringi inayovuma si lazima icheze, yangu haikucheza hata chembe. Kilichoniumbulia ni kushika springi ya shokapu kwa mkono mmoja huku nazungusha tairi kwa mkono wa pili, taratibu tu. Tairi tatu springi imetulia. Ya mbele kulia nikasikia kitu kinatambaa kwenye vidole, grrr ndogo kama simu imewekwa vaibresheni mfukoni kwa mtu mwingine.

Tulipoisukuma kwa presi, ile mashine ya kukandamiza, ikatoka, pete ya nje ilikuwa na alama ya kahawia, kutu, na kishimo cha kama nusu punje ya mchele. Maji hayo. Habu inachemka ukiendesha, masika unaingia dimbwini ikapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili iliyochakaa. Na wale wa kuosha gari kwa mashine ya presha, wasielekeze mpira pale katikati ya rimu.

Mpya nayo inauliwa siku ya kufungwa. Ukiona fundi anaigonga kwa nyundo kwenye pete ya ndani ili ya nje iingie, nguvu yote inapita kwenye gololi, kila gololi inaacha kidonda chake, umenunua mvumo mpya. Muulize kabla hajafungua nati, una presi? Kama hana, fungueni habu mpeleke kwa mwenye nayo, muirudishe ikiwa imeshaingia.